Ukisikia "samahani kama nitakukwaza", jiandae kukwazwa

#1 Mwandani wa Kalamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera muda mrefu, leo nimeamua kulitua hapa tulichambue. Ni hivi vijiutangulizi: "usinielewe vibaya, lakini…", "sisemi kwa ubaya, ila…", "kwa heshima zote…", "mimi si mtu wa majungu, ila…", "samahani kama nitakukwaza…". Mtu akikuanzia hivyo, mwili wako unafanya nini? Wangu unakaza tumbo.

Wiki mbili zilizopita mwenzangu kazini alivuta kiti akaja kukaa upande wangu wa meza, si ule wa mbele. Akasogeza kikombe changu pembeni kama mtu anayefyeka uwanja. Akashusha sauti. "Dada, usinichukulie vibaya. Nakwambia hili kwa sababu nakupenda kama dada yangu." Kisha akanyamaza kidogo. Katika ule ukimya nilipitia dhambi zangu zote. Nimefukuzwa kazi? Kuna mtu nilimsema, amesikia? Sketi imechanika nyuma?

Alichokuja kusema ni kwamba ripoti zangu ni ndefu, watu wanaishia ukurasa wa kwanza. Basi. Angesema tu "dada, fupisha, wenzio hatufiki ukurasa wa pili", ningecheka na ningefupisha siku hiyo hiyo. Badala yake nilirudi nyumbani nimenuna, na nilichokuwa nakitafuna usiku si ripoti. Ni hilo "usinichukulie vibaya". Vibaya vipi? Kwani kuna ubaya gani humo ambao mimi sijauona?

Kabla hamjaniunga mkono, ngoja nijiumbue. Jumapili nilimpigia simu mdogo wangu, ameacha masomo kwa mara ya pili. Nikaanza: "Mimi sikuhukumu, ila…" Akanikata: "Basi usinihukumu." Nikabaki na simu sikioni. Kila nilichokuwa nimekiandaa baada ya "ila" kilikuwa hukumu. Nikikitoa hicho sina hata neno moja mkononi. Nikamuuliza kama amekula.

Wahenga walisema panya huuma huku akipuliza. Sisi tumegeuza utaratibu, tunapuliza kwanza. Ngozi ikishapulizwa, si ndiyo inajua meno yako njiani?

Naomba uzoefu wenu. Na zaidi ya yote: kuna utangulizi wowote uliowahi kukusaidia kweli kupokea jambo zito, au vyote ni bure?

Nawasilisha.

#2 Chapuo

Usinielewe vibaya mkuu, lakini uzi wako mrefu. Ukurasa wa pili sijafika.

#3 Mwandani wa Kalamu

Hahaha. Umenipata. Na nimekaza tumbo vilevile.

#4 Mzee wa Hodi

Mimi napinga hoja. Mnataka watu wavamiane? Hayo maneno ni hodi. Kuna watu huwezi kuwaambia jambo bila kupitia mlangoni: mkubwa wako kazini, mkwe wako, mtu aliye kwenye msiba, hata mwenzi wako akiwa amechoka. Nina umri wa kutosha, na kila nikitaka kumkosoa mtu naanza na "niwie radhi". Sijagombana na mtu. Asiyetanguliza adabu tunamwita mropokaji, na mropokaji hata akisema kweli hasikilizwi.

#5 Bi Mkaidi

Shikamoo mzee wangu. Hodi unaipiga ukangoja kuambiwa karibu. Huyu anayesema "niwie radhi, lakini siku hizi umenenepa" ameshaingia, ameshakaa kwenye kochi, ndiyo anapiga hodi. Radhi yenyewe hajangoja kupewa, amejichukulia. Ndiyo maana mtu anakasirika mara mbili: kwa lile neno, na kwa kusamehewa mtu ambaye yeye hajamsamehe.

Tena ona ulivyo mtego. Ukikasirika unaambiwa "si nilikwambia usikasirike?" Kosa limehama, sasa ni lako.

#6 Mzee wa Hodi

Marahaba binti. Hapo kwenye kungoja umenipata. Ila sijasalimu amri.

#7 Msomaji Usiku

Hili jambo wasomi walishalishughulikia zamani. Mwaka 1975 wanasosholojia wawili wa Marekani, John Hewitt na Randall Stokes, waliandika makala juu ya haya makanusho na kuyagawa makundi matano. Hapa sitataja yote. Hoja yao kuu: mtu anaona kabisa kwamba atakachosema kitampaka rangi fulani (ya ujinga, ya ubaguzi, ya majivuno), kwa hiyo anajifuta kabla hajapakwa. Kuna anayesema "sina uhakika sana" ili akikosea asichekwe. Kuna anayetoa kitambulisho: "nina marafiki wengi tu wa kabila hilo, lakini…". Kuna anayekiri kosa ndipo alitende: "najua si utaratibu, ila…".

Wao walieleza msemaji anajaribu kufanya nini. Kama anafanikiwa, hilo lilikuja kupimwa baadaye. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Amani El-Alayli na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu walipewa maneno ya msemaji fulani, wengine yakiwa na kanusho mbele, wengine bila. Maneno ya kujisifu yaliyotanguliwa na "sitaki nionekane najisifu, lakini…" yalimfanya msemaji aonekane ana majivuno kuliko angejisifu kavukavu.

Ukifikiri kidogo inaeleweka. Bila kanusho, msikilizaji ana njia nyingi za kuyachukua maneno yako: amefurahi huyu, ana haraka, anatania. Ukimwekea neno "kujisifu" mbele, umemvika miwani. Sasa kila utakachosema atakiangalia kwa miwani hiyo, halafu unamwomba asione rangi yake.

Kuna jaribio la Daniel Wegner la mwaka 1987 ambalo wengi mtakuwa mmelisikia. Watu waliambiwa wakae dakika 5 wakisema kila kinachowajia kichwani, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akija, wapige kengele. Kengele zililia. "Usinielewe vibaya" ni dubu yuleyule. Na mwanasiasa maarufu aliyekwama hapo ni Richard Nixon, rais wa Marekani wakati huo. Tarehe 17 Novemba 1973, akiwa Florida mbele ya wahariri wa magazeti, alitamka kwamba yeye si tapeli. Kikao kilikuwa kirefu na majibu mengi, lakini lililobaki midomoni mwa watu ni "tapeli". Agosti iliyofuata alijiuzulu.

Halafu ile "sitataja". Nimeitumia juu hapo makusudi. Cicero, kiongozi na msemaji hodari wa Roma ya kale, mwaka 63 KK, akimshambulia hasimu wake Catilina mbele ya Baraza la Seneti la Roma, alisema anayaruka mambo ya kale mno, kisha akaeleza palepale ni mambo gani: jinsi Mroma wa zamani aitwaye Ahala alivyomuua mwenzake Maelius kwa mkono wake. Tunayo hii kila siku: "sitaki hata kuongelea ile pesa aliyokula". Umeshaiongelea, ndugu.

#8 Chapuo

Sitaki hata kuongelea urefu wa hii namba 7.

#9 Asubuhi Njema

Naongezea kwenye "mimi si mbaguzi, lakini". Mtafiti Mholanzi Teun van Dijk alisikiliza mahojiano mengi ya watu wakiwazungumzia wageni na watu wa makabila mengine, Uholanzi na Marekani, na akaona umbo hilohilo linajirudia: kukana kwanza, kisha "lakini", kisha kile kile kilichokanwa.

Mimi linaloniogopesha ni jingine. Tunadhani kanusho linamlenga msikilizaji. Benoît Monin na Dale Miller mwaka 2001 walionyesha kwamba watu waliopata nafasi ya kukataa kauli za wazi za kudharau wanawake, baadaye walikuwa wepesi zaidi kusema kazi fulani inamfaa mwanamume. Yaani ukishajitangaza kuwa mwema unajiona una akiba, unaanza kuitumia. Kwa hiyo yule anayesema "mimi simdharau mtu, lakini…" huenda hakudanganyi wewe. Anajisafishia njia mwenyewe.

Mjomba wangu mmoja alikuwa hivyo. Hakuwahi kumsengenya mtu maishani mwake. Alikuwa anasema hivyo kila alipoanza kusengenya.

#10 Sijui Kama

Sijui kama niko sahihi, na mtanisahihisha, lakini naona mnatuchanganya wote kwenye kapu moja.

Mimi ninaanza kila sentensi na "sijui kama ni swali la kijinga" au "labda nimekosea". Simshambulii mtu. Nimelelewa nyumba ambayo ukikosea unasimangwa wiki nzima, kwa hiyo nimejifunza kujisimanga mwenyewe mapema, angalau kwa maneno yangu. Nikiwa kwenye kikao moyo unadunda, hilo "labda" ndilo linanisukuma nifungue mdomo. Mkilitoa hilo sitakuwa jasiri, nitanyamaza tu.

#11 Mwandani wa Kalamu

@Sijui Kama, umenifungua macho. Kuna anayesema "huenda nimekosea" na kweli anaacha mlango wazi wa kusahihishwa. Na kuna anayesema hivyo akiwa ameshafunga na ufunguo ameumeza. Maneno ni yaleyale. Nadhani tofauti unaijua ukimjibu: wa kwanza ukimwambia "ndiyo, umekosea" anauliza wapi.

(Na swali lako halikuwa la kijinga. Nalisema bila "lakini".)

#12 Nesi wa Zamu

Kwenye kazi yetu hili jambo lina sindano.

Tulifundishwa kumwonya mgonjwa: "pole, itauma kidogo". Ni adabu, unamheshimu, humvamii. Mwaka 2005 Elvira Lang na wenzake walichapisha kazi ambayo walipitia rekodi za video za wagonjwa wakifanyiwa matibabu wakiwa macho, wakaangalia maneno ya wahudumu kabla ya kila hatua ya kuuma. Walioonywa kwa maneno ya maumivu waliripoti maumivu zaidi na wasiwasi zaidi kuliko wasioonywa hivyo.

Mwaka 2010 kukatoka nyingine, ya Boston, Marekani. Wanawake 140 wajawazito waliokuwa wanachomwa dawa ya ganzi kabla ya ganzi ya mgongo. Kundi moja liliambiwa litahisi kama kuumwa na nyuki mkubwa, na kwamba hapo ndipo pabaya kuliko kote. Jingine liliambiwa dawa hii itatia ganzi hapo mahali ili ukae vizuri. Sindano moja, dawa moja. Kwenye kipimo cha 0 mpaka 10, kundi la nyuki alama ya katikati ilikuwa 5, la pili 3.

Sasa nifanyeje, nimchome mtu kimya kimya? Hapana. Nilichobadilisha ni hiki. Zamani nilisema "pole mama, hii itauma" nikiwa nimekunja uso mimi mwenyewe. Sasa namwonyesha nilipo. "Naweka pamba ya baridi hapa. Sasa sindano. Pumua utoe nje." Anajua kinachokuja, lakini simpi jina la maumivu kabla hajayahisi. Akiniuliza "itauma?" namjibu kweli, kwa sababu ameuliza yeye. Wapo wanaosema haikuuma, wapo wanaonitukana. Ila nimegundua ule uso wa huruma niliokuwa nao ulikuwa wa kunisaidia mimi nisijione mkatili.

#13 Bi Mkaidi

Nesi hiyo sentensi ya mwisho iwekwe fremu.

#14 Mwandani wa Kalamu

Nami nimesimama hapohapo. Mwenzangu wa ripoti alivuta kiti kwa ajili yake. Alitaka nimwahidi kwamba baada ya kusema tutaendelea kupendana. Alikuwa anaomba dhamana, nami ndiye niliyetakiwa kuilipa.

#15 Wakili Kimya

Kwa wenzangu wa mahakamani mtanielewa. Lugha yetu ina ngazi. Wakili akimwambia hakimu "kwa heshima", hakubaliani naye. "Kwa heshima kubwa", anaona hakimu amekosea. "Kwa heshima na taadhima kubwa kabisa", anashangaa huyu mtu alipataje kazi. Heshima ikipanda, jua lawama imepanda nayo. Kila mtu pale ndani anajua, na hakuna anayekasirika kwa sababu ni sare kama yale majoho.

Lakini lipo kanusho linalofanya kazi kweli kweli. Barua ya kutafuta suluhu tunaiandika juu "bila kuathiri haki". Hiyo si pambo. Maana yake nilichokubali humu ili tupatane, tusipopatana usikipeleke mbele ya jaji kuwa ushahidi dhidi yangu. Inafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zinanufaika na kuna wa kuisimamia. "Usinielewe vibaya" ya mtaani haina jaji.

#16 Mpenda Lugha

Mnasahau mzee wao wote: ashakum si matusi.

Mtu anasimulia kisa, anafika mahali pa kutaja kiungo au haja, anasema "ashakum si matusi" kisha analitaja. Sijawahi kuona mtu amekasirika. Nimejiuliza kwa nini hili halikeri wakati "usinielewe vibaya" linakera, na jibu langu ni kwamba ashakum inaelekezwa kwenye neno. Inasema: neno linalokuja ni zito, siwalengi nyinyi mliokaa hapa, nimelihitaji tu. Msikilizaji haguswi. Anaombwa avumilie sauti, haombwi avumilie kupigwa.

Jaribuni kulitumia kumpiga mtu muone lisivyokubali. "Ashakum si matusi, wewe ni mvivu." Lugha yenyewe inagoma. Na lile "kunradhi" tunalotumia tukimkanyaga mtu mguu, tunalisema mguu ukiwa umeshakanyagwa, kwa bahati mbaya. Anayesema kunradhi kwanza halafu akainua mguu ana jina jingine.

#17 Mzee wa Hodi

Mpenda Lugha umenifurahisha. Nimekaa nikahesabu "niwie radhi" zangu. Wale niliowaambia nikadhani hatukugombana, wawili hawaji kwangu tena. Nilidhani wana shughuli.

#18 Mwalimu Chaki

Mwanzisha uzi umeuliza kama kuna utangulizi unaosaidia. Upo, mimi nautumia.

David Yeager na wenzake mwaka 2014 walichapisha utafiti wa shule. Wanafunzi waliandika insha, walimu wakasahihisha kama kawaida na maoni yao makali, halafu kila insha ikabandikwa karatasi ndogo. Nyingine ziliandikwa tu kwamba haya ni maoni juu ya kazi yako. Nyingine ziliandikwa kwamba nakupa maoni haya kwa sababu nina matarajio makubwa, na najua utayafikia. Kurudia insha ilikuwa hiari. Kwa wanafunzi weusi wa Marekani, ambao wana sababu zao za kuuliza kama kalamu nyekundu inawachukia, waliorudia insha walitoka asilimia 17 hadi 72.

Angalieni hiyo karatasi inamzungumzia nani. "Usinielewe vibaya" inamzungumzia mwalimu: mimi si mbaya. Karatasi ile inamzungumzia mtoto: wewe unaweza. Na haina "lakini". Ingekuwa na "lakini" ("najua unaweza, lakini hii insha…") nadhani yote ingemwagika.

Tahadhari tu, usiseme kama si kweli. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja nilimwandikia hivyo kwa mazoea, sikuwa nimesoma kazi yake vizuri. Akaja na daftari. "Mwalimu, matarajio gani?" Nikamwomba daftari nikalisome upya. Alisimama pale pale pembeni ya meza nikisoma, hakukaa.

#19 Nina Shida

Jamani nimesoma yote, sasa nisaidieni kwa vitendo. Nakaa chumba kimoja cha kazi na kaka mmoja mzuri sana, mcheshi, mwema. Ananuka mdomo. Si kidogo. Ni kila siku na akiwa anaongea anapenda kusogea. Nimeandaa maneno mara kumi na yote yanaanza na "samahani kaka, usikasirike". Baada ya uzi huu sina hata la kuanzia. Nimwambieje?

#20 Chapuo

Mnunulie bigijii.

#21 Bi Mkaidi

Chapuo kaa pembeni, hiyo ya bigijii kila mtu ameshaifanya, ndiyo maana yule kaka anadhani ana marafiki wakarimu.

@Nina Shida, usimwambie mbele ya watu, na usimwambie mnapoagana ukamwacha na jambo peke yake usiku mzima.

#22 Nesi wa Zamu

Na sema kitu, usiseme mtu. "Nimesikia harufu mdomoni mwako" ni tofauti na "unanuka". Inaweza kuwa jino, fizi, tonsili au tumbo. Anaweza kuwa hajui kabisa, pua inazoea harufu ya mwenyewe.

#23 Msomaji Usiku

Kuna kitu kimoja kinachofanya kazi na ni kifupi. Mwaka 2000 Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual, Ufaransa, waliwatuma watu barabarani kuomba nauli ya basi kwa wapita njia. Ombi la kawaida, karibu mtu 1 kati ya 10 alitoa. Walipoongeza "lakini uko huru kukubali au kukataa", ikawa karibu nusu. Majaribio mengi yamefuata na mwelekeo umebaki huo. Hapo hakuna anayejitetea. Anayesikiliza ndiye anayepewa kitu, na kitu chenyewe ni mlango wa kutokea.

Kwa hiyo usimwombe asikasirike. Mwulize kama anataka kusikia, na lini. Kisha, kama alivyosema Bi Mkaidi kule juu, ngoja ajibu.

#24 Mzee wa Hodi

Ndiyo hodi hiyo sasa!

#25 Nina Shida

Nitajaribu kesho. Niombeeni.

#26 Sijui Kama

Samahani kwa kuuliza (najua, najua), lakini imekuwaje?

#27 Nina Shida

Nimemwambia.

Nilingoja wenzetu watoke. Nikamwambia: "Kaka, kuna jambo lako la mwilini nimeliona, mimi ningekuwa wewe ningependa kuambiwa. Ni la dakika moja. Nikwambie sasa, au siku nyingine, au niache?" Akacheka kwanza, akadhani zipu. Akaangalia chini, zipu iko sawa. Akasema sasa.

Nikasema: "Ukiongea nasikia harufu mdomoni. Si ya chakula, ipo kila siku. Huenda ni jino."

Akafunga mdomo. Akarudisha kiti nyuma, labda nusu hatua, bila hata kujua anakirudisha. Hakukasirika. Akauliza, mkono ukiwa mdomoni: "Tangu lini?"

Nikasema ukweli, tangu nihamie chumba hiki. Miezi mitano.

Akaniangalia. "Miezi mitano tunakaa wote hapa. Na nani mwingine anajua?"

Wakuu, hilo sikuwa nimeliandalia maneno.

#28 Bi Mkaidi

Ukamjibuje?

#29 Nina Shida

Nilimwambia wote. Akachukua begi akatoka. Leo hakuja kazini. Saa nne amenitumia ujumbe, yuko kwa daktari wa meno, anauliza kama saa tisa nitaweza kumshikia zamu.

Nimemjibu ndiyo.